Biskuti Iliyookwa kwa Ajili ya Kikombe

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya kikundi cha waokaji wa nyumbani hapa Malindi. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa, nikapunguza tu vicheko na kelele za viti.)

Assalamu alaikum, na habari za asubuhi. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliojibanza kule nyuma karibu na mlango mkidhani sijawaona, karibuni sana. Unga hauchagui mkono.

Nimeombwa nizungumzie biskuti za Kiitalia za kifungua kinywa, zile za kawaida, za nyumbani, zisizo na krimu wala mapambo. Nitaanza na lawama ninayoisikia kila mara katika mji huu, kwa sababu nikiijibu hiyo nusu ya kazi yangu ya leo itakuwa imekwisha. Mtu ananunua pakiti katika maduka yetu haya yanayouza bidhaa za Kiitalia, au anaonjeshwa zilizookwa nyumbani kwa mwajiri wake. Anatafuna moja. Halafu anauma midomo na kusema: "Hizi zimekauka. Sukari haina. Hawa watu hawajui kuoka."

Wanajua, tena wanajua sana. Tatizo ni kwamba imeliwa kavu. Biskuti ile haikukusudiwa iliwe peke yake. Ilikusudiwa itiwe ndani ya maziwa ya moto au kahawa ya maziwa, ikae humo kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, itoke imelewa, ndipo iingie kinywani. Kuila kavu ukaitolea hukumu ni kuhukumu ugali kabla mboga haijafika mezani.

Ukilishika hilo, mengine yote yanajifungua yenyewe: kwa nini unga ni mwingi, kwa nini sukari ni haba, kwa nini mafuta ni kidogo, kwa nini inaachwa ikauke ndani ya oveni hata baada ya kuiva. Kila kipimo kimepangwa kwa kukiangalia kikombe.

Kwanza tukae kidogo kwenye meza yao ya asubuhi. Nyumba nyingi za Italia, asubuhi watu hula vitu vitamu. Mayai hakuna, maharage hakuna, mbaazi ndiyo kabisa. Kuna kikombe kikubwa cha kahawa na maziwa, na kwa wazee wengine bakuli lisilo na mkono ambalo unalishika kwa viganja viwili. Watoto hupewa maziwa na kakao, au kinywaji cha shayiri iliyokaangwa na kusagwa, ambacho kwa rangi unaweza kukidhania kahawa. Na pembeni kuna biskuti. Mtu mzima hula nne, tano, sita, bila kuzihesabu. Wanachovya wote, mkubwa kwa mdogo, na hakuna anayemwambia mwenzake kuwa hana adabu. Hapa kwetu tunachovya mahamri kwenye chai tangu tukiwa na meno ya utoto, halafu akija mgeni tunajifanya hatujawahi.

Sasa, msiondoke hapa mkidhani huu ni ustaarabu wa tangu Warumi. Mkulima wa Italia wa miaka mia moja iliyopita hakuamka na kukuta biskuti. Alikuta mkate wa juzi umevunjwavunjwa ndani ya maziwa, na kule kaskazini alikuta polenta ya jana, yaani ugali wa mahindi, umekatwa vipande na kuchomwa. Unga mweupe ulikuwa ghali, sukari ilikuwa ghali zaidi. Biskuti zilikuwa za sikukuu na za harusi, na mara nyingi zilingoja zamu: mkate ukitoka kwenye tanuri la kijiji, tanuri likiwa linapoa, ndipo trei za biskuti zinaingia kumalizia ule moto uliobaki. Hilo la moto uliobaki lishikeni, nitalihitaji baadaye.

Biskuti ya kila siku ililetwa na viwanda, baada ya Vita vya Pili. Na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1971 kampuni ya pasta ya Barilla, ya mji wa Parma, iliuzwa kwa Wamarekani, kampuni ya W. R. Grace. Miaka miwili baadaye bei zikawa zinapanda ovyo, serikali ya Italia ikazuia bei ya vyakula vya lazima, pasta ikiwemo. Ukishafungiwa bei ya pasta utafanyaje? Unatafuta kitu kingine cha kufanya na ngano. Ndipo mwaka 1975 wakatoa biskuti kwa jina la Mulino Bianco, kinu cheupe, na mjini na vijijini zikaingia kila nyumba. Picha ya kwenye pakiti ilikuwa kinu cha maji na masuke ya ngano. Matangazo yalikuwa ya mashamba, ya mbuga za kijani, ya maisha ya zamani. Walionunua walikuwa watu waliokwisha kuhama shamba na kwenda kukaa kwenye maghorofa ya Milano na Torino. Kwa hiyo ile "biskuti ya bibi wa kijijini" ilisambazwa na kiwanda chenye mwenye mali wa Kimarekani! Familia ya Barilla iliinunua tena kampuni yake mwaka 1979.

Nawaambia haya kwa sababu kuna ugonjwa unaowashika waokaji, ugonjwa wa kutafuta "ile ya asili hasa". Unamsikia mtu anagombana kwamba bibi fulani hakutia vanila. Bibi yule huenda hakuwa na sukari. Wanawake wa Italia wanaooka nyumbani leo wanaiga biskuti za pakiti walizokula wakiwa watoto, na pakiti ziliiga bibi. Ni duara. Ingieni popote mnapotaka.

Haya, tuoke.

Chukua unga wa ngano nusu kilo. Nausisitiza aina yake: uwe ule laini wa keki na mandazi, usiwe ule mgumu wa mikate. Wao hutumia unga unaosagwa laini mno, wenye protini kidogo, kama asilimia tisa au kumi. Unga wa mkate una nguvu ya kuvutika. Ukiukanda, biskuti inakuwa ngumu kwa njia mbaya, ngumu ya kuvuta kama ngozi. Kama ulio nao nyumbani ni ule mgumu tu, toa vijiko vitatu vikubwa, weka mahali pake wanga wa mahindi, uchekeche pamoja.

Sukari gramu 150. Naona nyuso. Ndiyo, 150, kwa unga wa nusu kilo. Mayai mawili. Mafuta mililita 100; kusini mwa Italia wangetia ya zeituni, siku hizi wengi hutia ya alizeti, nanyi tieni ya alizeti bila wasiwasi. Maziwa kama mililita 80, na mengine weka karibu kwa sababu unga haulingani, mwingine unakunywa zaidi. Ganda la limau moja lililoparuzwa, lile la njano tu, jeupe la ndani ni chungu. Chumvi chembe. Na cha kuumulia, ambacho nitakizungumza peke yake maana kinastahili.

Kwa nini sukari kidogo? Biskuti nyingi tunazozijua za chai zimeshikwa na sukari. Sukari ikiyeyuka ndani ya oveni halafu ikapoa, inakuwa gundi. Ukiichovya, gundi inayeyuka tena, biskuti inakatika, unabaki umeshika kipande na nusu yake inaogelea. Hii ya leo imeshikwa na unga na mayai, kwa hiyo inanyonya maziwa bila kuanguka. Utamu mtauweka wapi? Juu. Kabla ya kuoka, upande mmoja unabonyezwa kwenye sahani ya sukari. Ulimi unakutana na sukari kwanza, na kikombe kinapata utamu wake kidogo kidogo. Wamefikiri hawa watu.

Na mafuta kidogo kwa sababu hiyo hiyo: siagi nyingi huziba vitundu. Biskuti ya siagi ni nzuri mno ukiila kavu, lakini maziwa hayapandi ndani yake, yanateleza nje.

Sasa cha kuumulia. Vijiji vingi vya kusini, Puglia, Calabria, Sicilia, na hata nyumba nyingi za katikati, hawatumii beking pauda kwa biskuti hizi. Wanatumia amonia ya kuokea. Tulieni! Si ile ya kusafishia vioo na sakafu. Ile ni sumu, wala isikaribie jiko lako. Hii ni unga mweupe kama chumvi, huuzwa kwa ajili ya kuoka, na viwanda vya biskuti duniani kote huitumia. Kwenye pakiti za Ulaya utaiona imeandikwa E503. Zamani sana kule Ulaya waliipata kwa kuunguza pembe za kulungu na kukusanya mvuke wake. Sijui aliyeanza kufikiria kutia hiyo kwenye biskuti alikuwa katika hali gani.

Uzuri wake ni huu. Ikipata moto, kama nyuzijoto 60 hivi, yote inageuka hewa: amonia, hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Haibaki chembe. Beking pauda ikimaliza kazi huacha chumvichumvi zake ndani, na ukizidisha unaisikia kwenye ulimi. Amonia huondoka na kuacha vitundu, na vitundu ndivyo vinavyokunywa maziwa.

Ubaya wake nao ni ule ule, kwamba lazima iondoke yote. Biskuti nyembamba na kavu inaiachia. Keki nene yenye unyevu haiiachii. Ukitia amonia kwenye keki utakula kitu chenye harufu ya mkojo, na nimekisema waziwazi ili asije mtu akajaribu. Hata kwenye biskuti, wakati wa kuoka fungua madirisha, usiinamie oveni ukiifungua, na usilambe kinyunya kibichi. Harufu itapanda, majirani watauliza. Dakika kumi baadaye imekwisha, na biskuti ikipoa hutasikia kitu.

Kipimo ni gramu nane hadi kumi kwa nusu kilo ya unga. Iyeyushe kwenye maziwa ya vuguvugu, ndani ya chombo kikubwa kuliko unavyodhani unahitaji, maana itatoa povu na kupanda. Ukiihifadhi, ifunge kabisa: katika joto letu hili la Pwani inayeyukia hewani polepole ndani ya karatasi yake, siku unaifungua unakuta robo. Kama huipati, beking pauda gramu 16 inafanya kazi, na ndicho kipimo cha pakiti ndogo ambayo Mtaliano hutia kwenye nusu kilo ya unga. Biskuti itakuwa laini kidogo na haitakuwa na mkwaruzo ule. Bado ni biskuti nzuri.

Kuchanganya ni kazi fupi. Mayai na sukari, pigapiga kwa uma, huna haja ya mashine. Mafuta, maziwa, limau. Unga unaingia kidogo kidogo, kwanza kwa mwiko, mwisho kwa mkono. Kikishashikana acha. Dada zangu wa mahamri, nawajua, mikono yenu imezoea kukanda mpaka jasho. Hapa usikande. Kusanya tu, funika, kipumzike nusu saa. Kinyunya kitakuwa laini, kinanata kidogo. Usikiongezee unga kwa hasira, paka mikono mafuta.

Sura ni yako. Ya kikijijini kabisa ni kijiti: sukuma kamba ya unene wa kidole gumba, kata urefu wa kidole cha kati, bonyeza kidogo kwa kiganja, gusisha kwenye sukari. Wengine huzungusha kuwa pete. Watu wa kisiwa cha Burano, kule Venezia, wana yao wanayoikunja kama herufi S, imejaa viini vya mayai, na S ile inaingia vizuri kikombeni kwa sababu ina mahali pa kushika. Usihangaike zilingane. Zikilingana sana wageni watadhani umenunua.

Panga kwenye trei ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine, maana zitafura. Oveni nyuzijoto 180, dakika ishirini hivi, mpaka ziwe na rangi ya asali chini na pembeni. Na sasa ule moto uliobaki: zima oveni, egesha mlango kwa mwiko, ziache humo ndani zikauke nusu saa nyingine. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Biskuti imeiva, ni laini, inanukia, watoto wamesimama. Wanaitoa. Jioni inakuwa kama mkate mdogo, na kesho asubuhi ikiguswa na chai inageuka uji. Kuiva na kukauka ni kazi mbili.

Mama pale mbele ameuliza kabla sijamaliza: asiye na oveni je? Apalie. Wazee wetu walioka kwa makaa juu na makaa chini kabla hatujaiona oveni ya gesi. Chukua sufuria nzito, weka kigae au mawe madogo chini, trei ndogo juu yake, funika kwa sinia la bati, makaa mengi juu, machache chini. Biskuti hizi zinapenda moto wa juu zaidi. Zikishika rangi, ondoa makaa ya chini yote, punguza ya juu, acha sufuria ipoe nazo ndani. Hakuna tofauti na lile tanuri la kijiji.

Nimetoa moja tu, lakini Italia ni nchi ya mikoa inayobishana, na kila mkoa una biskuti yake. Ziko mbili ambazo naona zinatuhusu sisi hasa.

Ya kwanza inatoka Venezia na mashamba yanayouzunguka mji ule. Inaitwa zaleti, na ni ya unga wa mahindi. Mahindi ya njano, yaliyosagwa laini, nusu kwa nusu na unga wa ngano, siagi, mayai, sukari kidogo, zabibu kavu zilizolowekwa, ganda la limau. Inakatwa umbo la almasi. Unga wa ngano haukosekani, kwa sababu mahindi peke yake hayashikani, yatamomonyoka. Gramu 250 za mahindi, 250 za ngano, siagi 150, sukari 120, mayai mawili, zabibu ukonzi, beking pauda kijiko kidogo. Unga wetu mweupe wa sembe unafaa, ila ladha yake ni ya kimya. Ukipata wa njano, chukua wa njano. Wao huloweka zabibu kwenye pombe kali ya zabibu. Sisi tutaloweka kwenye maji ya moto au chai, na zabibu hazitalalamika.

Lakini biskuti hii ina kivuli nyuma yake. Mahindi yalifika Veneto, mkoa wa Venezia, katika karne ya 16 kutoka Amerika, yakazaa vizuri, na maskini wakayafanya chakula chao cha asubuhi, mchana na usiku. Kufikia karne ya 18 na 19 ugonjwa ukatanda mashambani kaskazini mwa Italia: ngozi inapasuka na kuwa nyeusi juani, tumbo linaharisha, mwisho akili inapotea. Pelagra. Watu walifungwa kwenye hospitali za wendawazimu kwa sababu ya njaa iliyojificha ndani ya shibe. Watu wa Mexico, wenye mahindi yao, walikuwa wakiyachemsha na chokaa tangu zamani, na chokaa hufungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalivuka bahari, ujuzi ule haukuvuka. Kwa hiyo zaleti, yenye siagi, yenye mayai, yenye zabibu, ilikuwa mahindi ya mwenye nacho. Jirani yake alikuwa anakula unga ule ule na maji. Mimi nikiikata almasi ile silisahau hilo, na sioni kwa nini biskuti isisimuliwe pamoja na njaa iliyokuwa mlango wa pili.

Ya pili inatoka Palermo, Sicilia. Hii mkiiona mtasema ni yetu. Ni kijiti kifupi, kimeviringishwa chote kwenye ufuta, kikaokwa kwa moto mkali, nyuzijoto 200, mpaka ufuta unakuwa kahawia na nyumba yote inanukia. Waarabu waliingia Sicilia mwaka 827, wakaitwaa Palermo mwaka 831, wakatawala zaidi ya karne mbili, na jikoni kwao hawajaondoka mpaka leo. Wasicilia wanaiita biskuti ya malkia, regina. Kinyunya ni kama kile cha kwanza ila mafuta yanatolewa na kuwekwa shahamu ya nguruwe kwa jadi yao. Wengi wetu hapa hatuigusi, na siku hizi hata wao wengi hutia siagi. Gramu 150 za siagi kwa nusu kilo ya unga inatosha, na maziwa mpunguze. Kabla ya kuviringisha, chovya kijiti kwenye maji au maziwa kwenye sahani ya chini, ndipo ufuta ushike. Ufuta usiooshwa na kuanikwa vizuri una mchanga, nanyi mnajua hilo kuliko Msicilia yeyote.

Mtu ataniuliza kuhusu cantucci, zile zenye lozi zinazokatwa vipande baada ya kuokwa na kurudishwa ovenini. Ni nzuri, ni za Prato, kule Toscana, na duka la Antonio Mattei lililozipa sifa lilifunguliwa mwaka 1858. Lakini desturi yao ni kuliwa baada ya chakula cha jioni, zikichovywa kwenye divai tamu. Si za asubuhi. Na zile pete ndogo za milima ya karibu na Roma, ambazo divai inaingia ndani ya kinyunya na nje pia, nazo naziruka, kwa sababu mnazozijua.

Neno kuhusu kuuza, maana nimeona madaftari. Waitaliano wamekuwa hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kile kituo cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, na hoteli na nyumba zao bado zipo. Mtaliano akipewa asubuhi biskuti ya kuchovya iliyookwa jana hapa mjini, wakati amezoea iliyokaa kwenye kontena miezi, atanunua. Msiitie rangi, msiipambe chokoleti, msiongeze sukari mkidhani mnamfurahisha. Na wauzieni Waswahili pia, lakini hao waambieni kabisa: hii ni ya kuchovya. Andikeni kwenye mfuko. Bila hivyo mtarudishiwa maneno yale niliyoanza nayo. Iliki? Kwa wateja wa huku tieni, robo kijiko, inakwenda vizuri na chai ya maziwa. Kwa Mtaliano acheni limau, au mbegu kidogo za shamari, anaijua.

Hatari yetu kubwa hapa Pwani ni hewa. Kule kwao debe la bati linakaa wiki mbili tatu na biskuti bado zinalia zikivunjwa. Hapa kwetu, kuanzia mwezi wa nne mvua ikishika, ukiacha sahani wazi usiku mmoja asubuhi zimelegea. Ngoja zipoe kabisa, kabisa, kabla ya kufunika. Zikiwa na joto hata kidogo zitatoa jasho ndani ya debe na kuharibu zote. Tia kwenye bati lenye kifuniko cha kubana au chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Zikilegea usizitupe, zirudishe ovenini au kwenye sufuria yenye makaa kidogo juu, dakika kumi kwa moto mdogo, zipoe, zitakuwa mpya. Ndiyo faida ya sukari kidogo na mafuta kidogo: hakuna cha kuungua wala cha kuchacha haraka.

Basi. Kwenye meza ile nimeweka sahani mbili. Ya kushoto ni ya amonia, ya kulia ni ya beking pauda, unga ni mmoja na moto ni mmoja. Maziwa yamechemka, chai ya tangawizi ipo, kahawa ipo. Chovyeni kutoka sahani zote mbili, halafu mnipe maswali, na nyinyi wa karibu na mlango muanze.